Lori la kutungulia ndege katika War Thunder: Silaha dhaifu, kazi kubwa

MCHEZAJI anayeingia kwa mara ya kwanza katika vita vya ardhini vya mchezo wa kompyuta wa War Thunder kwa kawaida hukimbilia vifaru. Ni wachache wanaochagua lori lenye rashasha nne mgongoni, lisilo na deraya ya kuzuia hata risasi ya bunduki ya kawaida.

Hata hivyo, baada ya dakika chache za mapambano, ndege ya adui inapotokea juu ya uwanja na kudondosha bomu katikati ya vifaru vilivyosongamana, ndipo timu nzima huanza kuuliza alipo mwenye lori.

Lori hilo haliwezi kushindana na kifaru, wala haliwezi kustahimili pigo la pili. Thamani yake yote imo katika mambo mawili: mahali linaposimama, na wakati ambao mwenye kulitumia anaamua kufyatua risasi au kunyamaza.

Mchezo wenyewe

War Thunder ni kazi ya kampuni ya Gaijin Entertainment. Ulifunguliwa kwa majaribio ya umma Novemba 2012 ukiwa mchezo wa ndege za kivita, ukaongezewa magari ya ardhini mwaka 2014, na kutangazwa rasmi kuwa umekamilika Desemba 2016. Baadaye zikaingizwa pia meli za kivita.

Kuucheza hakuhitaji kulipia. Kampuni hupata fedha zake kwa kuwauzia wachezaji magari maalumu na njia za kuharakisha maendeleo yao. Malori ya kutungulia ndege yanayozungumziwa hapa yapo katika ngazi ya kwanza, hivyo mchezaji huyapata mapema bila kutoa fedha.

Vita vya ardhini huzikutanisha timu mbili zinazogombea maeneo maalumu ya kuteka. Timu inayoyashikilia maeneo hayo kwa muda mrefu, au inayoharibu magari mengi ya wapinzani, ndiyo hushinda.

Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine ni kwamba ndege na vifaru hupigana katika uwanja mmoja. Katika aina ya mapambano iitwayo Arcade, mchezaji anayefanya vizuri ardhini hupewa nafasi ya kurusha ndege kwa muda mfupi. Katika aina ya Realistic, mchezaji hutumia pointi alizozichuma kuingiza ndege, na ndege hiyo inaweza kuendelea kushambulia mpaka itunguliwe.

Kwa maana hiyo, ndege ya adui si ajali ya mchezo. Imenunuliwa kwa pointi ambazo mpinzani alizitolea jasho, mara nyingi kwa kuharibu vifaru vya upande wa pili. Anayeitungua kabla haijadondosha bomu huwa ameifuta jasho hiyo yote, na huenda ameokoa magari matatu au manne ya wenzake.

Aidha, katika aina ya Realistic pointi zinazohitajika kuingiza gari la kutungulia ndege ni chache kuliko za kifaru. Ndiyo maana mchezaji aliyepoteza vifaru vyake mapema bado anaweza kurudi uwanjani akiwa na lori na kuwa na manufaa.

Asili ya lori

Mfano unaofahamika zaidi ni GAZ-AAA (4M) ya Urusi ya Kisovieti, mojawapo ya magari ya mwanzo kabisa ambayo mchezaji wa upande huo hukabidhiwa. Si gari la kubuni.

GAZ-AAA lilikuwa lori la magurudumu ya ekseli tatu lililotengenezwa kuanzia mwaka 1934 katika kiwanda cha mji wa Gorky, ambao leo huitwa Nizhny Novgorod. Ukoo wake unatokana na malori ya kampuni ya Ford ya Marekani, iliyotia saini mkataba na serikali ya Kisovieti mwaka 1929. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 50.

Alama ya 4M inahusu silaha iliyofungwa nyuma: rashasha nne aina ya Maxim za milimita 7.62 zilizounganishwa katika kiegemeo kimoja, muundo uliopokewa na Jeshi Jekundu mwaka 1931. Mitutu yake ilipozwa kwa maji, jambo lililoiwezesha kufyatua kwa muda mrefu bila kuungua.

Rashasha ya Maxim ilibuniwa mwaka 1884 na Hiram Maxim, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London. Afrika Mashariki inaijua silaha ya aina hiyo kwa uchungu: rashasha ndizo walizotumia Wajerumani kuwazuia wapiganaji wa Maji Maji walioishambulia boma ya Mahenge Agosti 1905.

Zikiwa nne kwa pamoja, rashasha hizo hutoa risasi zipatazo 2,000 hadi 2,400 kwa dakika, yaani karibu 40 kwa kila sekunde. Ni idadi kubwa, lakini kila risasi ni ndogo.

Upande huo huo una ndugu wawili wa lori hilo. GAZ-AAA (DShK) lina rashasha moja ya milimita 12.7, na GAZ-MM (72-K) lina mzinga mdogo wa milimita 25. Hutoa risasi chache zaidi, lakini kila moja inayofika huumiza zaidi.

Waingereza nao wana Staghound AA, gari la magurudumu manne lililotengenezwa Marekani, lenye rashasha mbili za milimita 12.7. Hilo lina deraya ya kuzuia risasi ndogo, lakini mbele ya mzinga wa kifaru halina usalama wowote.

Mahali pa kusimama

Kosa la kwanza la wachezaji wengi ni kuliacha lori katika kituo cha kuanzia. Hapo ni mbali na adui wa ardhini, na mchezaji hudhani yuko salama.

Lakini risasi ya milimita 7.62 haina manufaa makubwa dhidi ya ndege iliyo zaidi ya mita 700 au 800. Lori lililobaki kilometa moja nyuma ya vifaru haliwalindi wanaopigana. Linajilinda lenyewe tu, na hata hilo kwa shida.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulipeleka lori hadi kwenye eneo linalogombewa. Katika mchezo huu gari lililobakiwa na askari mmoja aliye hai huhesabiwa kuwa limeharibiwa. Askari wa lori ni wachache na wamekaa wazi, kwa hiyo mfululizo mmoja wa rashasha ya kifaru hutosha kumaliza kazi.

Mahali panapofaa ni katikati ya hizo mbili: mita 200 hadi 400 nyuma ya vifaru vya kwanza, kando ya barabara, huku jengo au mwinuko wa ardhi ukilikinga upande wa adui wa ardhini. Juu, anga lazima iwe wazi. Mti unaolificha lori humficha pia rubani machoni pa mfyatuaji.

Ukaribu wa barabara una sababu yake. Magurudumu hulipa lori mwendo mzuri penye ardhi ngumu, lakini kwenye tope, mchanga na miinuko gari hupoteza kasi upesi kuliko gari la minyororo. Mchezaji anayekata njia ya mkato kupitia shamba lililolowa aghalabu hukutwa na ndege akiwa bado anahangaika na usukani.

Namna ya kuliegesha pia ni muhimu. Katika malori mengi ya aina hii mitutu hufyatua kwa uhuru zaidi kuelekea nyuma na pembeni, kwa kuwa mbele kuna chumba cha dereva kinachoizuia isiiname. Na gari lenyewe huenda polepole sana linaporudi kinyumenyume.

Mambo hayo mawili yana jibu moja: lori liegeshwe likiupa uwanja wa mapambano mgongo, na pua yake ielekee njia ya kuondokea. Hatari inapotokea, dereva hukanyaga mafuta na kwenda mbele, huku silaha bado ikiwatazama adui.

Hesabu ya kulenga

Kumlenga rubani pale anapoonekana ni kupoteza risasi. Risasi huchukua muda kufika, na muda huo ndege haisimami.

Risasi ya rashasha hii hutoka mtutuni ikiwa na kasi ya mita zipatazo 800 kwa sekunde, lakini hewa huipunguza kasi. Kufika umbali wa mita 300 huchukua chini kidogo ya nusu sekunde, na mita 600 takriban sekunde moja.

Ndege inayokwenda kilometa 360 kwa saa husafiri mita 100 kila sekunde. Ikiwa inakatiza mbele ya lori kwa umbali wa mita 600, mfyatuaji anapaswa kulenga karibu mita 100 mbele yake. Ndege ya Kijerumani aina ya Bf 109 ina urefu wa mita 9 hivi. Kwa hiyo nafasi inayotakiwa ni urefu wa ndege kumi na moja zilizopangwa kwa mstari.

Kwa umbali wa mita 300, nafasi hiyo hushuka hadi mita 40 hivi, yaani ndege nne au tano. Kosa dogo la kukadiria halidhuru sana. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kumsubiri adui akaribie.

Pamoja na hayo, risasi inayosafiri kwa sekunde nzima huanguka takriban mita tano kutokana na uzito wake, kwa hiyo mlengo huinuliwa kidogo ndege inapokuwa mbali na chini karibu na upeo wa macho.

Katika aina ya Arcade mchezo wenyewe humsaidia mchezaji kwa kumwonyesha alama mahali pa kulenga ndege inapokaribia. Katika aina ya Realistic msaada huo haupo. Mchezaji hutegemea risasi zenye kuacha mstari wa moto, ambazo humwonyesha kama anapita mbele, nyuma, juu au chini ya shabaha.

Wapo wanaofyatua sehemu moja ya anga wakisubiri ndege ipite hapo. Njia hiyo haina faida. Ndege ya mita 9 hupita nukta moja kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa muda huo rashasha zote nne hutoa risasi zisizozidi nne. Mitutu inatakiwa isogezwe sambamba na ndege, ikitangulia mbele yake kwa nafasi ile ile.

Pembe tatu za shambulio

Ndege inayokatiza ubavuni ndiyo ngumu kuipata, kwa sababu nafasi ya kutangulia ni kubwa na hubadilika kila mara.

Ndege inayopiga mbizi moja kwa moja kuelekea kwenye lori ni rahisi zaidi kulengwa, kwa kuwa inaonekana kama imesimama mahali pamoja angani. Lakini mlengo wa rubani nao ni rahisi vile vile. Katika mapambano hayo ya ana kwa ana, rubani mwenye mizinga kwenye mabawa ana nafasi nzuri kuliko lori lisilo na kinga.

Mwenye busara hufyatua mfululizo mfupi, kisha huondoka. Mita 20 za mwendo hutosha kuliokoa lori na mfululizo uliokwisha kulengwa, ingawa hazitoshi kulikinga na bomu kubwa.

Nafasi nzuri kuliko zote ni ya tatu: pale ndege inapokuwa imeshashambulia na kuanza kupanda. Kasi yake hupungua, humpa mfyatuaji mgongo au tumbo lake, na rubani huwa anatazama mbele. Ndege za kupiga mbizi kama Ju 87, ambazo si za kasi tangu mwanzo, hupotea kwa wingi katika sekunde hizo chache.

Ikumbukwe kwamba si kila ndege inaangushwa kwa risasi ndogo. Hs 129 ya Ujerumani ilijengewa kinga ya chuma kumzunguka rubani wake. Dhidi ya ndege za namna hiyo, mwenye rashasha za milimita 7.62 hulenga injini na mabawa, ama huridhika kuiharibu ili wenzake waimalizie.

Kunyamaza ni silaha

Risasi zenye moto zinazomsaidia mfyatuaji humsaidia rubani vile vile. Ndege iliyo umbali wa mita 1,500 haitaumizwa na rashasha hizi, lakini itauona mstari wa moto ukitoka ardhini na kujua lori lilipo. Vifaru vya adui navyo vitaona.

Kwa sababu hiyo wachezaji waliokomaa hufunga kidole mpaka ndege ifike kama mita 600. Kabla ya hapo hutumia masikio: mlio wa injini husikika katika mchezo kabla ya ndege kuonekana, na huonyesha upande inakotokea.

Upo wakati mmoja wa kuivunja kanuni hiyo. Ndege inapoanza kuwapigia mbizi wenzake waliokwama, kufyatua mapema hata bila matumaini ya kuipata kuna maana. Rubani anayeona moto ukija usoni pake mara nyingi hugeuza, hudondosha bomu vibaya au huahirisha shambulio. Pointi hazipatikani, lakini kifaru cha mwenzake kinabaki kizima.

Suala la kupakia risasi halina budi kupangwa pia. Mikanda inapokwisha, lori hukaa sekunde kadhaa bila uwezo wowote. Mchezaji aliyeanza kufyatua mbali hujikuta anapakia risasi mpya ndege ikiwa juu ya kichwa chake. Anayefyatua kwa vipande vifupi, kisha akapakia adui akiwa amekwenda mbali, huwa tayari kwa mzunguko wa pili.

Dhidi ya vifaru

Ushauri hapa ni mfupi: lori la rashasha za milimita 7.62 lisipigane na kifaru. Risasi zake zinaweza kuwaua askari wa malori mengine na wa magari yaliyo wazi juu, lakini zikigonga deraya ya kifaru hudunda.

Mwenye mzinga wa milimita 25 ana uwezo wa kutoboa ubavu wa vifaru vyepesi vya ngazi ya kwanza kwa umbali mfupi, na uwezo huo umekuwa kishawishi kikubwa. Wengi hugeuka wawindaji wa vifaru, wakapata ushindi mmoja au miwili, kisha wakaangamia huku anga ikiachwa bila mlinzi.

Tofauti ya matokeo huonekana mwishoni mwa mapambano. Lori lililoharibu kifaru kimoja na kufa limebadilishana gari kwa gari. Lori lililokaa hai kwa dakika kumi linaweza kuzuia mashambulizi kadhaa, hata kama jina la mwenye lori halimo juu katika orodha ya pointi.

Yaliyorudi vitani

Malori ya rashasha yalionekana kuwa mambo ya makumbusho baada ya ndege za jeti na makombora kuchukua nafasi. Vita vya Ukraine vimeyarudisha.

Tangu mwaka 2022, Urusi imekuwa ikirusha ndege zisizo na rubani aina ya Shahed-136, zenye mwendo wa kilometa 185 hivi kwa saa. Kuzitungua kwa makombora ya bei kubwa ni mzigo, hivyo Ukraine iliunda vikosi vidogo vyenye magari mepesi ya kubebea mizigo yaliyofungwa rashasha. Baadhi ya vikosi hivyo vimetumia Maxim zile zile, zikiwa zimeunganishwa kwa jozi.

Hesabu yao ni ile ile, ingawa shabaha ni ya polepole zaidi: mita 51 kwa sekunde badala ya 100. Nao huhitaji kuwa mahali sahihi kabla ya ndege kufika, barabara nzuri ya kuhamia kwingine, na subira ya kungoja shabaha iingie katika umbali wa risasi. Tofauti ni kwamba wao hawarudi uwanjani wakishauawa.

Kwa mchezaji wa kawaida, kipimo cha kazi si idadi ya ndege alizoziangusha peke yake. Ni vifaru vingapi vya wenzake viliweza kusimama katika eneo la kuteka bila kuangalia juu. Lori likilifanya hilo kwa mapambano mazima, limetimiza kazi yake, hata kama limemaliza likiwa na mikanda iliyojaa risasi.